Majani ya Mtaa wa Sorrel

Kwamba mjinga wa siku ile alikuwa yeye, Mheshimiwa Lyle Pruitt hakatai tena. Lakini saa ile, akiwa juu ya ngazi anachokoa majani yaliyooza kwenye mfereji wa paa la Bi Odessa Tillery, tope likimchuruzika hadi kwapani, alijiona mjanja kuliko wote Karolina Kaskazini.

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho kabla ya uchaguzi. Kule nusu ya watu haisalimii nusu nyingine hata wakikaa benchi moja kanisani, na mara iliyopita Lyle alirudi bungeni Raleigh, mji mkuu wa huko, kwa kura chache ambazo basi moja la shule lingezibeba na viti vikabaki. Safari hii akianguka, kazi inayomngoja ni kuuza magari makuukuu kwa shemeji yake. Shemeji mwenyewe, kwa mapenzi tu, alikwishamshonea fulana yenye jina.

Asubuhi Trish, msimamizi wa kampeni, alimsihi atembee na simu yenye ramani na majina ya wapiga kura.

"Unifundishe mimi njia ya kwangu?" Lyle alimcheka. Simu akaiacha garini, inalia mpaka ikachoka.

Mtaa wa Sorrel ulimfurahisha mara alipoukanyaga. Ng'ambo ya barabara mabango ya mpinzani wake, Kendra Maddox, mwalimu wa bendi ya shule, yalisimama kila ua. Upande huu hapakuwa na bango hata moja. Shamba halijaguswa! Na wakazi wote wazee, wastaafu wa kiwanda cha soksi. Kwa Lyle, wazee walikuwa kura za bei poa: mshike mkono, msifie mbwa, uliza habari za goti.

Bi Odessa alimpokea barazani kwa chai ya barafu.

"Mimi sina neno, mwanangu," alisema. "Ila mfereji wangu wa paa umeziba, na mtu mwenye mfereji ulioziba hafikirii siasa vizuri."

Ndipo Lyle akapanda ngazi.

"Ni kweli ile ramani mpya ya majimbo ya uchaguzi uliichora wewe?" bibi aliuliza kutoka chini.

"Kila kona, Bi Odessa. Kwa mkono huu huu."

"Watu wanasema jimbo lako limekuwa kama mjusi aliyekanyagwa na trekta."

"Waseme. Mjusi ni wangu."

"Ulifika huku ulipokuwa unaichora?"

"Kazi ile haifanywi kwa miguu, bibi. Kwenye kompyuta mitaa ni rangi tu."

"Rangi tu," bibi alirudia, akampulizia mbwa wake kipande cha pai ya viazi vitamu kabla ya kumpa.

Alipomaliza paa, bibi alimwelekeza nyumba ya pili. Bwana Purvis, alisema, bado ana mashaka. Na Bwana Purvis kweli alikuwa na mashaka, pamoja na mialoni mitatu iliyomwaga majani hadi magotini. Lyle akapewa reki. Mzee akavuta kiti, akakaa kutazama.

"Zoa na kwenye maua, Mheshimiwa. Hapo ndipo moyo wangu unapolainika."

Kutoka hapo akapelekwa kwa Dada Lurleen, ambaye angesadiki sana sera ya Lyle ya serikali ndogo isiyoingilia watu kama ngazi ya mlango wake isingekuwa imevunjika. Lyle akapigilia misumari, mmoja ukampitia ukucha. Kila nyumba ilimsukumia inayofuata, na kila alipoondoka alisikia kicheko nyuma ya pazia. Akajiambia ni furaha ya watu wasiozoea kutembelewa na mkubwa. Masikini wa Mungu, aliwaza, reki moja tu na wamelainika kama siagi.

Alasiri Kendra Maddox mwenyewe alipita ng'ambo ya barabara, karatasi mkononi, akibisha mlango mmoja baada ya mwingine. Alipomwona Lyle na gunia la majani mgongoni alisimama, akakodoa macho, kisha akampungia mkono kwa bashasha.

"Mbona havuki?" Lyle alimuuliza Bi Odessa, aliyekuja na majirani kukagua kazi.

"Hajavuka hata siku moja."

"Mnaona dharau hiyo?" Lyle alifuta jasho. "Mimi je? Nimekuja, wenyewe mnaniona!"

"Umekuja," Bwana Purvis alikiri. "Na hujabagua ua hata mmoja."

Jua lilipoanza kushuka mtaa mzima ulikuwa unang'aa kama meza ya Krismasi. Lyle alipanga magunia barabarani, akasimama mbele ya wazee, shati limeloa, kucha nyeusi, na akaomba ahadi ya kura za Jumanne. Wazee wakatazamana. Dada Lurleen aliinama kufunga kiatu ambacho hakikuwa na kamba.

"Semeni basi!" Uso wa Lyle uliiva. "Nimekuwa kibarua wenu tangu asubuhi. Paa nimepanda, mbwa nimeogesha, kucha nimevunja. Sitaki pai, nataka jibu. Mtanipa kura, au mtaninyima?"

Bi Odessa aliweka glasi yake chini polepole.

"Kukunyima tungependa sana, Mheshimiwa. Lakini hata raha hiyo ulitupokonya ulipochora ramani yako: jimbo lako linaishia katikati ya barabara ile."