Masomo Saba kwa Mpigo

Mzee ndiye aliyewahi kiti cha mbele ya meza. Kijana akajibwaga kwenye kile cha ukutani, kando ya kabati la mafaili, na jezi yake ya mpira na bukta, macho kwenye simu.

Mshauri wa masomo akashusha pumzi. Leo kazi ipo, alijiambia. Tangu asubuhi alikuwa ameshawatoa wazazi watano mle ofisini. Mfumo wa kompyuta nao ulikuwa umegoma, kwa hiyo wanafunzi wapya wa uhandisi walikuwa wakijaziwa ratiba kwa mkono, kwenye karatasi iliyopigwa mistari ya Jumatatu hadi Ijumaa. Mwisho wa kujiandikisha saa sita kamili. Asiye na ratiba saa sita, arudi mwakani.

"Tunataka yote saba," mzee alianza, hata salamu hazijaisha.

Saba! Mama wa watu akaivuta karatasi ya ratiba upande wake. Mwaka jana baba mmoja alikaa mbele ya meza hiyo hiyo akamchagulia mwanawe masomo saba, naye akayaandika tu, kwa kuona haya kumkatalia mtu mzima. Yule mtoto hakumaliza hata muhula. Alianza kwa kukosa usingizi, akaja kukosa maneno, mwishowe akafunga begi akaenda zake. Mpaka leo mshauri akiukumbuka uso wake roho inamuuma. Alijiapiza kwamba halitatokea tena.

Akaeleza kwa upole kuwa anayeanza huchukua matano, mengine yatamkuta mbele ya safari. Haraka haraka haina baraka.

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo," mzee akamjibu.

Basi wakavutana. Hisabati mzee aliitaka saa mbili asubuhi, akili ikiwa bado mbichi. Sawa. Baada ya chakula cha mchana hakutaka kitu chochote, maana sisi, alisema, tukishashiba tunasinzia. Fizikia ilikuwa ghorofa ya tatu. Hiyo akaipinga kabisa kwa ajili ya magoti. Mshauri akayachungulia magoti ya kijana, yamejaa makovu ya uwanjani na nguvu za kuvunja ukuta.

"Yanauma?" aliuliza.

"Ukoo wetu wote, mwalimu," mzee akadakia. "Magoti ndiyo ugonjwa wetu."

Lakini lililomtia hasira hasa lilikuwa somo la karakana. Eti wiki sita za kufundishwa kushika tupa na msumeno! Akasimulia, wala hakuna aliyemwomba, jinsi alivyotengeneza mashine za kiwanda cha unga kwa miaka thelathini na minane. Wahandisi walikuwa wanakuja na michoro yao, yeye anawaonyesha palipokosewa, wanarekebisha, halafu wanatia sahihi zao. Yeye hana karatasi, basi hana sahihi. Akajikohoza, akasema cheti cha uhandisi lazima kiingie nyumba ile kabla hajafa, na asiyetaka ameze wembe.

Mshauri akamhurumia, tena kwa dhati. Lakini ndoto ya baba haiwezi kubebeshwa mtoto. Akageuza kiti, akamwelekea kijana.

"Na wewe mwenyewe, hesabu unazionaje?"

Kijana akainua uso kutoka kwenye simu. "Mimi na hesabu, mwalimu? Tuliachana zamani."

"Huyo hajui kitu," mzee alithibitisha bila kupepesa jicho. "Muulize hata eneo la duara."

Damu ikamchemka mshauri. Kumdhalilisha mtoto namna hiyo mbele ya mtu baki, na mtoto mwenyewe anachekacheka tu, keshazoea maskini! Isitoshe, kila dakika alikuwa akiitupia jicho saa ya ukutani na kuchezesha mguu. Mshauri akamuuliza, kwa sauti ya kumbembeleza, kama kuna jambo anaogopa kulisema. Kijana akamtazama mzee, akajikuna kisogo. Akasema nyumbani wameshaongea mpaka midomo imekauka. Mama amelia, dada amelia, lakini mzee akishaamua ndiyo ameamua. Afadhali waandike tu yaishe.

Zilikuwa zimebaki dakika kumi na tano. Kama akikosea, mtu atapoteza mwaka mzima kwa ajili yake. Mshauri akaiweka kalamu chini.

"Mzee wangu, nakuheshimu kama baba yangu mzazi," alisema. "Lakini atakayekwenda kukaa darasani ni mmoja, na siandiki hata somo moja mpaka nimsikie yeye, peke yake. Aliyekuja kusindikiza naomba atupishe."

Mzee akainamisha kichwa kama aliyefumaniwa anaiba sukari.

Kijana akainuka upesi, akaushika mkono wa mshauri kwa mikono yake miwili.

"Mungu akubariki, mwalimu. Mbane hapo hapo kwenye matano," alisema akielekea mlangoni. "Sisi nyumbani ametushinda."