Kutafsiri Utani

Mgeni jukwaani alitania kwamba wanawake wa mji huu kazi yao ni kuandaa chai ya mikutano, utafiti wawaachie wenyewe. Nusu ya ukumbi ikacheka. Waliovaa hedifoni walikuwa bado wanasubiri tafsiri.

Kwenye kibanda cha vioo, mkalimani Zawena alikuwa amezima maiki.

"Ruka hiyo, dada," mwenzake Kirobo akanong'ona. "Sema amewasalimia."

"Halafu wampigie makofi?"

"Ukiisema, kesho hatuitwi kazini, shauri yako."

Zawena hakuona hasira wala aibu. Mdomo ulikuwa kama umechomwa sindano ya ganzi. Akawasha maiki, akaitafsiri yote, kwa sauti ileile aliyotangazia ratiba ya chakula.

Hakuna aliyecheka. Mstari wa mbele, mama mmoja alivua hedifoni, akaziweka mezani taratibu, akasimama.