Kitufe cha Mjomba

"Mjomba!" Darasa zima lilipiga kelele kwa mara ya tatu, na Mwalimu Judith akatamani kukitupa kishikwambi kwenye kabichi za watu kule bondeni.

Hadithi yenyewe ndani ya kishikwambi ilikuwa rahisi. Msichana kafiwa na mama, anataka kulima shamba aliloachiwa. Wanafunzi wachague aende kwa nani kuomba ruhusa. Kitufe chekundu, baba. Kitufe cha kijani, mwenyekiti wa kijiji. Basi. Aliyeitunga huko mjini hakujua kwamba huku Uluguruni shamba la mama ni la ukoo wa mama, na mwenye kauli ni mjomba.

"Jamani, mjomba hayumo! Chagueni baba au mwenyekiti."

"Sasa baba anahusikaje hapo, Mwalimu?" akauliza binti wa dawati la mbele, na wenzake wakaangua kicheko.

Nyuma kabisa ya darasa, mkaguzi wa shule alikuwa anaandika, kalamu haimtoki mkononi. Somo lisipofika mwisho, vishikwambi vyote vitapelekwa shule nyingine. Aliyasema hayo asubuhi, hata chai hajamaliza.

Judith akabonyeza chekundu mwenyewe. Kidole chake chenye vumbi la chaki kikaacha doa jeupe kwenye kioo.

"Hongera!" kikasema kishikwambi.

Darasa likaguna kama watu walioibiwa.

Akakilaza kifudifudi mezani.

"Haya. Mjomba kaja, anakaa hapa kwenye kiti changu. Nani atakuwa mjomba?"

Mkono wa kwanza kunyooka ulitoka nyuma kabisa, na ulikuwa umeshika kalamu.