Bustani ya Mwenyekiti

Bi Verna alipiga magoti mbele ya nyumba ya mwenyekiti wa kamati ya mtaa, pale panapoonekana vizuri kutoka barabarani, akachimba shimo kwa kidole.

Mwezi wa nne mwenyekiti huyo alimng'olea nyanya zake kwa mkono wake mwenyewe, eti kanuni za mtaa wao wa wastaafu zinakataza mboga mbele ya nyumba. Sasa joto la Florida lilikuwa limemkimbiza mwenyekiti hadi Michigan, akamwomba Bi Verna, jirani yake mwema, amwagilie maua yake.

"Mpenzi, hayo si maua," mumewe alisema kutoka kwenye kigari cha gofu.

"Yatachanua."

"Wakijua ni wewe tutafukuzwa hapa."

"Nitasema nilimwagilia nilichokikuta. Alizing'oa zikiwa zimeanza kuiva, mzee wangu. Akapiga na mluzi."

Alishindilia udongo kuzunguka mche wa nyanya. Udongo wa moto ulimwingia chini ya kucha alizopaka rangi ya waridi kwa ajili ya mazoezi ya bwawani.

Mumewe aliwaza kwa taadhima yote ya mhasibu mstaafu. Kisha akazima kigari, akashuka akishikilia kiuno.

"Sogea," alisema. "Unaofuata tuupande karibu na kisanduku cha barua, ndipo kamati wanapopita kukagua."