Bati la Kushika

"Tuma kiungo cha makadirio, tumalize," alisema Mama Shemsa. Bila kazi ya paa la zahanati, karakana yao ingefungwa.

"Sista mkuu wa zahanati aliwahi kubonyeza kiungo, wezi wakamkomba pesa zote za simu," binti yake alijibu. "Hatagusa kingine, mama."

Shemsa akapunguza ukubwa wa picha mpaka faili la makadirio likawa jepesi, akaliambatisha kwenye barua pepe, kisha akapiga simu. "Shikamoo, sista. Nimekutumia makadirio yenyewe. Fungua tu, hupelekwi popote."

Mama akamtazama kama atazamavyo kenchi ya paa iliyosimama wima. "Nani kakufunza?"

"Wewe. Mteja akisitasita, si unampelekea bati alishike?"

Simu ikaita; alikuwa sista. Shemsa alipoipokea, mama yake alikuwa keshateremsha ngazi ukutani.