Kengele ya Stesheni

Muuguzi alikuwa ameita wagonjwa tangu asubuhi mpaka sauti ikamkauka. Zahanati yenyewe ilikuwa stesheni ya zamani: dawa zilitolewa kwenye dirisha la tiketi, na kengele ya treni bado ilining'inia mlangoni. Ya nini kujichosha? Akavuta kamba, ngo!, kumwita anayefuata.

Wazee wote wakasimama.

Wakabeba vikapu vyao, wakatoka wakisukumana hadi ukingoni mwa jukwaa. Reli ziling'olewa zamani. Pale chini palikuwa na majani tu. Wakatazamana, wakaangua kicheko.

"Uzee huu, jamani!" mmoja akasema, wakarudi ndani wameshika mbavu.

Bibi mmoja hakurudi. Alikuwa anafunga upya kitambaa chake cha kichwa, taratibu, akikinyoosha mikunjo.

Muuguzi akamfuata nje. "Bibi, ni zamu yako."

"Ngoja kidogo, mjukuu wangu. Babu yako alipopanda walipiga mbili. Mbili ni za kuondoka." Akatazama kule treni zilikokuwa zikitokea. "Wewe umepiga moja. Moja ni ya kufika."

Muuguzi akarudi ndani, akaipita ile kamba. Akamwita mgonjwa aliyefuata kwa mdomo, kwa sauti yake ile ile iliyokauka.