Namba ya Hamduni

"Kila mtu asimame kwenye namba yake," kocha mpya alisema, na wachezaji wakatawanyika kwenye nusu moja ya uwanja. Kila nafasi ikapata watu wawili, watatu. Hamduni peke yake alibaki mbele ya kocha.

"Na wewe, mkongwe, unacheza namba ngapi?"

"Yoyote, mwalimu. Beki, kiungo, hata mshambuliaji. Timu tisa nimeziba mapengo."

"Nimekuuliza namba yako."

Kwa miaka kumi na mitano jibu lile la "yoyote" ndilo lililompa ugali. Mtu akiumia, aliitwa yeye. Mtu akipona, yeye alirudi benchi. Na leo usajili ulikuwa unafungwa.

"Mwalimu, nakuomba. Niweke popote."

Kocha alikwisha kumpa mgongo. Akapuliza filimbi, mazoezi yakaanza.

Hamduni aliangaza macho akitafuta pa kusimama. Lile goli la mbali lilikuwa tupu. Akalikimbilia, yeye ambaye hajawahi kudaka maishani mwake. Akasimama katikati ya milingoti, akatemea mate viganja, akatanua mikono, kisha akaanza kuwapigia kelele mabeki wasiokuwepo: "Rudini! Rudini nyuma!"